Nyanya za Habuba Mwaka wa Manyunyu

Namshukuru Mwenyezi Mungu, mwenye kuleta mvua na jua, aliyenifikisha uzeeni nikiwa bado nakumbuka.

Nikivunja jani la mnyanya, harufu yake kali hubaki vidoleni, na papo hapo mimi huwa tena mtoto wa miaka minane kule Kibera, nyuma ya nyumba ya bibi yangu, ambaye sisi Wanubi humwita habuba.

Shamba lake lilikuwa dogo, likiteremka kuelekea kijiji cha Mashimoni. Mwaka ule Julai ilikuja na manyunyu yasiyokoma. Nguo zilikaa kambani siku tatu bila kukauka. Mjomba Ramadhani alitaka kujenga vyumba vya wapangaji pale.

"Mama, nyanya zikikufa tena, naleta mafundi."

"Subiri kwanza zikufe," Habuba akamjibu, "ndiyo ulete hao mafundi wako."

Mistari ya chini ikaingia madoa ya kahawia, na nyuma ya majani utando mweupe kama unga. Habuba aliamini ni maji baridi yanayounguza majani. Basi kila asubuhi, kabla sijaenda chuoni kusoma Kurani, alinituma nitikise kila mche na kuufuta kwa mikono. Nilianzia chini, kwenye miche migonjwa, nikapanda hadi kwenye mizima, gauni limelowa mpaka kiunoni. Nilijiona daktari.

Mama Nafula, mpangaji wetu kutoka Kakamega, akanipigia kelele kutoka mlangoni kwake.

"Wewe katoto, toka huko! Kwetu hatushiki mimea ikiwa na maji. Unatembeza ugonjwa!"

"Kwani inaona haya kushikwa?"

"Haya, cheka. Utaona."

Habuba alikuwa jikoni, hatua chache tu kutoka pale. Mimi sikumwambia neno. Sikutaka kunyang'anywa udaktari wangu.

Wiki haikuisha, shamba zima likawa jeusi na kunuka. Siku ya kung'oa, Mama Nafula alikuja kusaidia.

"Habuba, si nilimwambia huyu mtoto..."

"Ni baridi, Mama Nafula," Habuba akamkatiza. "Baridi tu."

Akaendelea kung'oa. Jumatatu Mjomba akaja na kamba ya kupimia.

Nami niliamini baridi, mpaka nilipokuwa mama wa watoto na bwana shamba mmoja akatueleza kwamba ule ni ugonjwa wa kuvu: hustawi kwenye baridi yenye unyevu, na mikono iliyolowa huubeba mche hadi mche. Ndipo nikaelewa kwa nini Habuba alimkatiza Mama Nafula. Lakini alikuwa ameshatutoka.

Pale jikoni alisikia kila neno. Aliyapuuza kwa kuwa yalitoka kwa mpangaji, akayaamini wakati umeshapita. Siku alipopoteza shamba lake, mikono imejaa miche iliyooza, aliona la kwanza ni kunifichia mimi kosa tulilolifanya wawili. Sikuwahi kumshukuru.

Ewe unayesoma, Mungu akuhifadhie wanaokustahi, na akupe nafasi ya kuwashukuru wangali hai.