Salamu Haikatwi

Naanza kwa kusema wazi: albamu yangu ya kwanza inafunguliwa na sauti ya mama yangu, na sikukosea. Asiyetaka aruke wimbo.

Mimi natengeneza midundo ya hip hop katika chumba nyuma ya duka la simenti, Kasulu mjini. Katika albamu nilishirikisha sauti za watu wa huku huku, ila wimbo wa kwanza niliupanga kwa wawili: mama, na mchanaji mmoja wa mistari, mzaliwa wa Kibondo, wilaya jirani ya mpakani, anayetamba Dar. Jina lake ndilo lingenifungulia milango ya redio.

Mama alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa bibi. Leo ana uraia, ana shamba la mihogo Murungu, lakini sokoni Kirundi kikimtoka huangalia kwanza nani kasikia. Kuna watu ambao kwao ukishaitwa mkimbizi, utakimbia mpaka kaburini. Nilichoka na hilo. Nilitaka akazehe, salamu ambayo wanawake wetu huimbiana wakionana baada ya kupoteana: mmoja anaongoza, mwenzake anaitikia kila anapovuta pumzi.

Basi nikafanya ujinga. Nikamweka mama peke yake mbele ya maiki, nikamvalisha hedifoni, nikaachia mdundo. Badala ya kuimba, akageuka kuangalia nyuma yake. Nikaurudia. Akageuka tena.

"Mama, vipi?"

"Mwana wanje, mwanangu, nasalimia nani? Ukuta?"

Nikamweleza kwamba sauti ya mwenzake nitairekodi siku nyingine, kisha niziunganishe kwenye kompyuta. Alinitazama kana kwamba nimemwambia ameze leo atafune kesho. Akavua hedifoni, akaenda kukaa nje.

Ikabidi nipande pikipiki kumfuata rafiki yake kule Kabanga. Alipofika nilizima mdundo, nikaacha maiki moja katikati. Wakashikana mabega. Wakaulizana watoto, wakaulizana mvua, wakawataja waliokufa, yote kwa kuimba. Ilipita urefu wa wimbo wowote ninaoujua, nami sikuthubutu kuwasimamisha, maana kwetu salamu ya watu wazima haikatwi. Baadaye nikaujenga mdundo upya, ukifuata pumzi zao.

Mchanaji akaja kurekodi ubeti wake. Akachana vizuri, sitamnyima haki yake. Kisha akavua hedifoni.

"Kaka, ngoma ni moto. Ila hao bi wakubwa watoe. Watu watasema ni albamu ya kambini."

"Na wewe si umezaliwa huku huku?"

"Ndiyo maana najua ninachosema. Watoke wao, au nitoke mimi."

Mama alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Alikuwa amesikia kila neno.

"Ututoe tu, mwanangu," akasema. "Usipoteze bahati yako juu yetu."

Yule jamaa hakuniumiza. Aliyeniumiza ni mama, kwa jinsi alivyolisema kirahisi, kama mtu aliyezoea kupisha wengine njia maisha yake yote. Hasira ikanipanda. Nikaufuta ule ubeti mbele ya macho ya mchanaji. Mwacha asili ni mtumwa. Nikamwambia safari njema.

Redio hazikuupiga wimbo. Wenzangu wakanicheka kwamba nimechezea shilingi chooni. Wacheke. Nikawapa albamu vijana wanaoingiza nyimbo kwenye simu za watu sokoni, wakaanza kuipiga kwenye spika zao.

Siku moja ya gulio nilikuwa nimembebea mama mzigo wa maharage. Spika ikaanza: sauti yake hiyo, kubwa, juu ya vichwa vya watu. Akanivuta shati tuharakishe. Tulikuwa tunampita muuza dagaa ambaye tangu utoto wangu alijitambulisha kuwa Mswahili wa Ujiji, na ambaye hakuchoka kumtania mama kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kirundi. Yule muuza dagaa akaweka kopo la kupimia chini. Akafumba macho, akaanza kuitikia salamu kwa Kirundi. Hakukosea hata pumzi moja.

Watu wakageuka. Mama akaliachia shati langu, akamwendea, akamshika mabega, akaongoza.