Sauti ya Pili

Mideva alikuwa karani wa mafaili katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega, na kwake, mtaani Shieywe, aliishi peke yake. Kila Jumamosi, akishaanika nguo, aliketi, akavaa hedifoni na kusikiliza nyimbo za kwaya aliyoimbia miaka kumi na minane iliyopita. Kwaya ilishasambaratika. Wengine walihamishwa kikazi, wengine waliolewa mbali, na mwalimu wao Jairus alizikwa Bukura. Kilichobaki ni kanda moja iliyohamishiwa kwenye simu.

Shida ilikuwa hizo hedifoni. Alizinunua kwa kuwa zilisifiwa besi, na besi kweli ilikuwepo, inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Wanaume wa mstari wa nyuma walimjaa kichwani. Lakini sauti ya pili, aliyoimba yeye, haikusikika hata chembe. Ni kana kwamba siku ya kurekodi hakufika.

Basi akazipeleka kwa Kibet, muuza simu karibu na soko. Kibet akamvalisha nyingine, nyeusi.

"Hizi pia ni za besi, madam. Sikiliza tofauti."

Tofauti ilikuwepo. Besi ilishuka chini zaidi, ikatulia huko huko bila kuwapandia wanawake. Hata hivyo sauti ya pili ilikuja kwa mbali, kama watu wanaoimba chumba cha jirani.

"Basi niuzie hizi."

"Ngoja kwanza. Watu wananunuanga mpya na za zamani hazina makosa." Kibet akafungua ikwalaiza, sehemu ya kurekebisha sauti, kwenye simu ya Mideva, vijiti vitano vimesimama. "Hiki cha kwanza kiache. Hiki cha pili ndicho kinavimba na kufunika watu, kishushe. Cha katikati kipandishe, lakini kidogo tu. Ukizidisha, itakukwaruza masikio."

Mideva akarudi nyumbani na hedifoni zake zile zile. Akashusha kidogo, akasikiliza, akashusha tena. Wanaume wakarudi nyuma walikostahili. Katika ubeti wa pili, kabla ya wanawake kuingia, akasikia mnong'ono:

"Mideva, sasa."

Kisha sauti yake mwenyewe ikaingia, nyembamba, ya msichana.

Aliyenong'ona alikuwa Adhiambo, aliyesimama kulia kwake kwenye kwaya. Mideva hakuwahi kujua kuhesabu mapigo ya wimbo, na kila ubeti Adhiambo alimwashiria hivyo. Mideva alikuwa amelisahau hilo kabisa. Akairudisha sehemu ile mara nne, mara tano, machozi yakimlengalenga. Kisha akatafuta daftari la zamani na kupiga namba aliyoikuta humo.

"Haloo?" Nyuma yake watoto walipiga kelele.

"Adhiambo, habari ya siku nyingi? Ni Mideva."

"Mideva... wa chama cha akina mama?"

"Wa kwaya. Wa Kakamega."

"Aaa, Mideva! Pole, dada, nilipoteza simu na namba zote. Uko mzima?"

"Niko. Leo nimekusikia kwenye ile kanda yetu, ulikuwa—"

"Dada, niko na wageni. Nitakupigia, sawa?"

"Sawa."

Hakupiga siku ile, wala wiki ile. Mideva hakumlaumu; mtu ana nyumba yake. Jumapili ya pili simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa Adhiambo: picha ya maua na baraka za wiki mpya, ya kutumiwa watu wengi kwa pamoja. Mideva akaandika, "Amina, dada," akaenda kuinjika chai.