Simu Ilinifanya Kapteni Bungoma

Nitataja majina, kwa sababu hao ndio waliniponza. Wanjala aliniwekea kwa simu ile programu ya kupima mwendo wa baisikeli. Na Kamau wa pikapu, huyo huendesha kama mtu anafukuzwa.

Chama chetu cha baisikeli kilisema atakayetoka Kitale na kufika Bungoma wa kwanza ndiye kapteni. Simiyu alifunga kimashine kidogo kwa usukani, kinachohesabu gurudumu likizunguka. Nikamcheka.

"Hiyo ni ya kizamani, bana! Simu yangu inaongea na setilaiti."

Kufika Kiminini, magoti yakakataa. Nikawaza: kimashine cha Simiyu hunyamaza gurudumu likisimama, lakini simu itahesabu tu. Nikarusha baisikeli kwa pikapu ya Kamau, juu ya kabichi. Karibu na Bungoma nikashuka, nikajimwagia maji yawe jasho.

Nilipigiwa makofi. Simiyu na wengine walipofika, mimi, mjinga wa wajinga, nikampa mwenyekiti simu asomee watu.

"Mwendo wa juu kabisa," akasoma, "kilomita tisini kwa saa."

Simiyu akainama, akachomoa jani kwa keria yangu.

"Mzee, ukapteni chukua. Lakini si utuambie, hii baisikeli unailisha kabichi?"