Kiti cha Pili Katika Foleni ya Ludek

Saa moja na robo asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Aprili. Eusebio Zamarripa, mkata kuni mwenye umri wa miaka sitini na saba, anashusha viti viwili vya kukunja kutoka kwenye pikapu yake na kujiunga na foleni iliyokwisha kuzunguka kona ya jengo la matofali. Kiti kimoja anakikalia. Cha pili anakiweka kuumeni kwake, na juu yake anatua kofia ya mkeka yenye utepe wa kijani.

Kwa miaka ishirini na saba amekuwa akileta kuni hapa kwa Ludek, mkahawa wa nyama katika mji mdogo wa Altmar, mwendo wa saa moja kutoka Austin. Watu hutoka miji ya mbali kuja kula kidari cha ng'ombe kilichobanikwa usiku kucha kwa moshi wa mwaloni. Yeye huja Jumatatu, siku ambayo mkahawa umefungwa, na huingilia lango la nyuma. Leo ndiyo mara yake ya kwanza kusimama mbele ya mlango wa wateja.

"Umechelewa, mzee," anamtania Wendell Tasker, dereva mstaafu wa malori kutoka Houston, aliyekaa mbele yake akiwa na bia mkononi. "Wenzako tuko hapa tangu saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja nilikuwa nanyoa ndevu."

"Unanyoa ndevu kwa ajili ya nyama? Nyama haina macho, bwana!"

Eusebio anatabasamu kidogo. Bia anaikataa, kahawa anaipokea. Wendell anakitupia jicho kiti cha pili.

"Na hicho? Hapa kiti kitupu hakimalizi dakika mbili."

"Kina mwenyewe," anajibu Eusebio.

Mwenyewe alikuwa Herlinda, mkewe wa ndoa ya miaka arobaini na mmoja.

"Mimi nilikata na kupasua," anasimulia Eusebio. "Kupanga kulikuwa kwake. Watu hudhani kazi ni ile ya msumeno. Hapana. Mti ukishaanguka ni maji matupu. Anayeufanya kuwa kuni ni yule anayeupanga."

Mwaloni wa kubanikia nyama hukaushwa mwaka mzima. Herlinda alivipanga vigogo gome likitazama juu, na kati ya kigogo na kigogo aliacha nafasi ya vidole viwili ili upepo upite. Alipomaliza rundo, aliandika kwa chaki ya buluu, kwenye kichwa cha kigogo cha pembeni, mwezi aliolipanga. Hakuna rundo lake hata moja lililowahi kurudishwa.

Kwa shehena moja Eusebio hulipwa dola mia nne na ishirini. Akitoa mafuta ya gari, minyororo ya msumeno na kodi ya msitu anaokata, humbakia kama mia mbili na hamsini. Shehena ni moja kila wiki. Kwa fedha hizo walimsomesha binti yao wa pekee, Noelia, ambaye sasa ni mhasibu mjini San Antonio.

Kila Jumatatu, Eusebio alirudi nyumbani shati likinuka moshi wa Ludek. Herlinda alilinusa kabla ya kulitia majini, kisha akauliza swali lile lile.

"Mzee wangu, lini utanipeleka na mimi nikapange foleni kama watu?"

"Wiki ijayo."

Jumamosi ilikuwa siku ya kukata. Hiyo ndiyo sababu aliyompa mkewe. Nyingine hakuwahi kuitamka. Marehemu baba yake, aliyejenga uzio katika mashamba ya watu, aliwafundisha wanawe kwamba fundi hali chakula mezani kwa anayemlipa. Cleophus Batts, mpishi mkuu wa Ludek, mara nyingi alimfuata langoni na kifurushi cha nyama kilichofungwa kwa karatasi ya bucha. Kila mara Eusebio alishukuru na kukirudisha.

"Nilijiona mwanamume mwenye msimamo," anasema. "Ule msimamo ulikuwa wangu. Aliyebaki na hamu ni yeye."

Aprili ya mwaka jana Herlinda alipanga rundo lake la mwisho. Mwezi wa Mei madaktari walikuta saratani kwenye kongosho. Februari mwaka huu alizikwa, amevaa gauni alilokuwa ameliweka kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu.

Jumatatu iliyopita, rundo lenye neno "Aprili" kwa chaki ya buluu lilitimiza wakati wake. Eusebio alilipakia peke yake na kulifikisha langoni. Ludek humaliza shehena kwa wiki. Kufikia jioni ya leo, kuni zote zilizopitia mikononi mwa Herlinda zitakuwa majivu.

"Nyama ya leo ameipika yeye," anasema, akiinyoosha kofia iliyopeperushwa na upepo. "Ya wiki ijayo haitakuwa yake. Ndiyo maana nimekuja leo."

Kwa Ludek nyama haiongezwi. Ikiisha, mlango unafungwa. Saa nne kamili anatoka Marlys, msichana mwenye daftari, kuwapitia watu mmoja mmoja akiandika wanachotaka na kujumlisha. Jumamosi kidari hakizidi ratili moja na nusu kwa kila kichwa. Hesabu inapofikia ukomo, mtu huyo hukabidhiwa ubao ulioandikwa "Mimi ndiye wa mwisho," na walio nyuma yake huombwa radhi.

Marlys anafika kwa Eusebio. Anaviona viti viwili na kofia ya kike.

"Mama ameenda msalani?"

Eusebio anatikisa kichwa kukubali.

"Wawili, basi," anasema Marlys, anaandika na kusonga mbele.

Uso wa mzee unageuka. Amekulia katika nyumba ambamo mtoto aliyesema uongo alikula amesimama. Anasema kichwa kilijitikisa chenyewe, kabla hajakikataza. Kwa muda wa pumzi moja, mbele ya ushahidi wa daftari, Herlinda alikuwa msalani na alikuwa anarudi.

Watu wanane nyuma yake, ubao unamwangukia muuguzi aliyetoka moja kwa moja kazini. Anaubusu, na watu wanampigia makofi. Nyuma yake tu wamesimama mume na mke wazee, waliotoka Laredo, saa nne za barabara. Marlys anawaomba radhi. Mke anaanza kukikunja kiti chake.

"Nilikwambia tutoke usiku," anamwambia mumewe. "Nilikwambia au sikukwambia?"

"Uliniambia, mama. Nisamehe."

"Miaka yote hii nasikia tu harufu kwenye hadithi za watu."

"Usijali," anasema mume. "Tutakuja wiki ijayo."

Eusebio anasimama. Kahawa inamwagika kwenye viatu alivyovipiga rangi asubuhi, naye haitazami.

"Binti," anamwita Marlys kwa sauti inayowanyamazisha hata wanywa bia. "Futa mmoja kwangu."

"Mama hali nyama?"

"Mama hayuko msalani. Mama amefariki. Nilikudanganya, na kwa hilo nakuomba radhi mbele ya watu hawa. Fungu hilo ni la wale wazee wa Laredo."

Marlys anasimama na kalamu hewani. Wendell anaiweka bia yake chini polepole, anavua kofia yake na kushindwa kujua pa kuiweka. Hatimaye msichana anafuta, anarudi nyuma, anaukabidhi ubao kwa mume wa Laredo. Ratili moja na nusu kwa watu wawili, itawatosha. Mke anamtazama Eusebio kwa mbali na kuweka mkono kifuani. Hamfuati, na pengine ni vizuri hivyo.

"Mzee," anasema Wendell, "kiti hicho kikae hapo hapo. Mtu akikigusa tutagombana."

Saa sita na dakika ishirini Eusebio anaifikia kaunta. Anayekata ni Cleophus mwenyewe, mwanamume wa miaka hamsini na minane, mikono imejaa makovu ya moto. Anainua macho, na kisu kinasimama katikati ya nyama.

"Don Eusebio! Wewe huku mbele? Kuna nini, pikapu imeharibika?"

"Nimekuja kula. Nikatie yenye mafuta. Na uniandikie bei kama mtu yeyote."

Cleophus anamtazama vizuri, kisha anaiona kofia ya kike aliyoishika mkononi. Anakata vipande vinene vyenye ukingo mweusi na mstari mwekundu wa moshi, anaviweka juu ya karatasi ya bucha pamoja na kitunguu, achari ya matango na slesi mbili za mkate mweupe.

"Kuni za chaki," anasema chini kwa chini. "Kigogo cha mwisho nilikitia saa kumi na moja alfajiri. Ningejua, ningekuwekea."

"Hapana. Kuni ni za kuchomwa. Angekugombeza."

"Angenigombeza kweli."

Hapo Eusebio anatoa jambo la pili alilokuja nalo, ingawa nyuma yake foleni inasubiri.

"Jumatatu sitaleta shehena, Cleophus. Marundo yaliyobaki niliyapanga mimi, tangu yeye alipolazwa hospitali. Nilivibana vigogo kama mtu anayefunga mlango. Juzi nimepasua kimoja. Moyoni bado kibichi."

Cleophus anafuta kisu kwa kitambaa. Kuni mbichi hulia motoni, na moshi wake huifanya nyama iwe chungu. Wote wawili wanalijua hilo.

"Ungeweza kunyamaza," anasema. "Ningezisikia mwenyewe zikilia."

"Leo nimeshadanganya mara moja. Inatosha."

"Basi nitanunua kwa mwingine mpaka Oktoba. Oktoba lete, tuzisikilize. Lakini langoni kwangu hakuna atakayechukua nafasi yako, umenielewa?"

Ni miezi mitano bila shehena ya Ludek. Eusebio anaitikia, analipa, anabeba sinia lake hadi kwenye meza ndefu chini ya paa la mabati. Anakaa. Kofia anaiweka upande wa pili wa meza. Wendell na wenzake, waliokaa meza ya jirani, wanageuza migongo kwa heshima na kujifanya wanabishana kuhusu soseji.

Anakula taratibu, kwa vidole, bila mchuzi. Kipande cha kwanza anakitafuna muda mrefu. Anaangalia bomba la moshi, kisha sinia. Anafuta mdomo kwa leso iliyopigwa pasi.

"Nilikuwa naomba iwe mbaya," anasema mwishowe. "Njia nzima nimeomba. Iwe ngumu, iwe na chumvi nyingi, ili nikienda kaburini nimwambie, mke wangu, hukukosa kitu."

Anakitazama kipande kilichobaki.

"Ni nzuri."

Anaendelea kula mpaka karatasi inabaki tupu.

Jioni, nyuma ya nyumba yake, jua bado liko juu ya malisho. Rundo la kwanza, alilolipanga Mei, amekwisha kulibomoa nusu. Vigogo vimelala kwenye nyasi, na kuta za rundo jipya zinapanda polepole, gome juu, huku vidole vyake viwili vikipima kila nafasi. Vidole vyake ni vinene kuliko vya Herlinda, kwa hiyo hupima kwa kidole cha shahada na cha mwisho. Kazi iliyomchukua mkewe siku moja yeye anakadiria itamchukua wiki mbili, na kiangazi hakisubiri.

Tangu aketi mezani kwa Ludek amempigia simu Noelia, ambaye alipokuwa mdogo ndiye aliyempokeza mama yake vigogo. Alimwomba aje kusaidia.

"Alisema wiki ijayo, baba, wiki hii nimebanwa na kazi," anasimulia, akiketi juu ya kigogo kupumzisha mgongo. "Nikamwambia hapana, mwanangu. Kesho. Nadhani alilia. Kisha akasema atakuja."

Anatoa mfukoni kipande cha chaki ya buluu, kifupi kama jino, alichokikuta dirishani jikoni. Hataandika mwezi mpaka rundo likamilike. Oktoba, kuni zikikauka, atazipeleka Jumatatu kwa lango la nyuma, na Jumamosi yake atarudi kwa mlango wa mbele akiwa na binti yake.

"Nitabeba viti vile vile viwili," anasema, akiirudisha chaki mfukoni. "Na yule binti wa daftari akiniuliza, safari hiyo aandike wawili."