Titi ya mousse na ushuhuda wa papa

Musicheke: leo titi ya mousse imemuumbua papa yangu!

Sisi wanafunzi wa ufundi hapa Likasi tulishona titi ya kufundishia manesi namna ya kutafuta kansa. Mousse, ile sponji laini, tulikata kwenye matela, godoro la zamani la papa. Ndani tukaficha bilia mbili tu, gololi za watoto, ziwe kama uvimbe.

Nyumbani, mama akajaribu wa kwanza, akaiminya kwa vidole.

"Ziko tatu."

"Mama, ni mbili!"

"Miye nasema tatu!"

Tukapasua.

Ya tatu ni pete ya ndoa ya mama!

Ile pete papa anatoleaga ushuhuda kila dimanche, Jumapili, kanisani: siku ya mapillage, askari walipopora mji, alipigana na basoda hao, wakamunyanganya.

Papa, aliyekuwa anatuangalia, akaungama: kumbe kwa woga aliificha kwenye matela, akasahau fasi alipoiweka.

Mama akavaa pete yake polepole.

"Papa Ngoy, dimanche hii utashuhudia nini?"