Jicho la Mkadam na Makalio ya Pikapu

Mkadam, fundi wa springi wa Mwanakwerekwe, hana futi wala rula. Ana jicho. Akimaliza gari hurudi nyuma hatua kumi, hufumba jicho la kushoto, husema, "Imekaa sawa." Miaka ishirini hakuna aliyembishia, maana matusi anayajua mengi kuliko majina ya wajomba zake.

Ikaja pikapu ya Bi Mwatum, mnunuzi wa mwani wa Uroa. Mkwewe aliinyanyua mbele na nyuma, ili isiguse maji ya chumvi. Mbele imebaki juu. Nyuma magunia ya mwani mbichi yameilaza, gari imekaa kama mbwa anayeomba mfupa. Mara mbili Mkadam ameiongezea jani la springi, mara mbili jicho limeridhika. Leo imerudi.

"Shikamoo, Bi Mwatum."

"Marahaba. Ikilala tena, Mkadam, nnakwenda kwa Silima hapo ng'ambo."

Silima, fundi wa upande wa pili wa barabara, alikwishatoka nje kutazama.

Mkadam akafunga jani jingine, akarudi hatua kumi. "Imekaa sawa."

Bi Mwatum akachuchumaa. Akapima kwa shibiri, kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa madigadi.

"Mbele nne. Nyuma tatu na vidole viwili. Hilo jicho lako linaangalia nini?"

Wanywa kahawa wa kibarazani wakainua shingo. Mkadam alikuwa na tusi tayari mdomoni, kisha akatazama chini. Uwanja wake umeinama, na kila gari huiegesha pua barabarani, nyuma kwenye mwinuko. Miaka ishirini anabariki makalio yaliyobebwa na kilima!

Akalimeza tusi.

"Nimekosea, Bi Mwatum. Uwanja umeinama, na mimi nimeinama nao."

"Sema kwa sauti. Silima hajasikia."

Akasema kwa sauti, mpaka muuza urojo akageuka. Akafungua springi zote, akazikunja upya, akazifunga, akamwomba Bi Mwatum amwazime mkono wa kupimia. Shibiri nne mbele. Nyuma nne.

Borafya, mmoja wa wanywa kahawa, akaweka kikombe chini. "Na gari yangu ya mwaka jana?"

"Ilete."

"Na ya shemeji?"

"Zilete zote, Borafya, usinipe aibu kwa mafungu!"

Bi Mwatum akapanda garini. "Ntakuletea na ya dada yangu."

"Huendi kwa Silima?"

"Silima anasema hajawahi kukosea hata siku moja. Mtu kama yule nimpe gari yangu?"