Kurasa Tatu Nilizozificha

Miaka ya tisini ilipokuwa ikielekea ukingoni, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa kompyuta katika ofisi yetu pale Voi. Ilikuwa ofisi ndogo ya elimu, vyumba vitatu nyuma ya maduka ya nafaka. Walimu wa Sagalla, Wusi na Kasigau walituletea mitihani waliyoiandika kwa mkono, nasi tukaipiga chapa na kuwatolea nakala. Kompyuta zilikuwa mbili. Nilijua kuziwasha, kuzizima, kuzipangusa vumbi jekundu kwa brashi ya rangi, na kuzipiga kofi moja la ubavuni zilipokwama. Hilo lilitosha. Nikipita sokoni nilisikia mtu akimwambia mwenzake, "Huyo ndiye mwalimu wa kompyuta," nami nilipunguza mwendo ili nisikie vizuri.

Kisha akaja yeye. Alikuwa binti wa familia moja ya wenye maduka, Waislamu wa asili ya pwani waliokuwa Voi tangu enzi za babu yao, na alikuwa amesomea Mombasa. Madam, mkuu wetu, mwalimu mkuu mstaafu, alimwajiri aje "kunisaidia". Neno hilo alilitamka mbele yangu, nikaliweka moyoni.

Haikupita muda kompyuta zote mbili zikaingiwa na virusi kutoka kwa disketi za walimu. Nilifanya nilichokuwa nikifanya kila mara, nikafuta, nikaanza upya, na baada ya siku mbili virusi vikarudi. Binti akanijia kwa adabu.

"Mwalimu, ukiniruhusu, hii moja niiweke Linux, mfumo mwingine wa kuiendesha. Binamu yangu amenipa sidii yake. Virusi hivi haviiwezi kabisa."

Nilimruhusu nikiwa na hakika kwamba atashindwa. Hakushindwa. Aliandika amri zake kwenye skrini nyeusi, bila picha, bila kipanya, na kufikia jioni mashine ilikuwa inafanya kazi kama saa ya ukutani. Tangu siku hiyo walimu wakiingia hawakusimama mezani kwangu tena. Walinisalimia huku wakitembea, wakaenda kukaa kwake. Madam akaanza kusema, "Ngoja tumuulize fundi," na fundi hakuwa mimi.

Sitaki kujisafisha. Nilimwonea wivu mpaka chai ikakosa ladha. Niliudhika na jinsi vidole vyake vilivyogonga kibodi bila yeye kuvitazama. Niliudhika na kicheko chake. Alipokosea, niliudhika zaidi, kwa sababu alisema wazi, "Hapa nimekosea," na watu wakazidi kumpenda.

Alikuwa na rundo la karatasi zilizobanwa pini, maelezo ya Linux yaliyochapishwa Mombasa. Kila adhuhuri alipokwenda kuswali nyumbani kwao, karibu na ofisi, nilivuta kiti changu nikazisoma. Mbele yake nilijifanya sina haja nazo. Siku moja nikakuta sehemu iliyonishinda, inayoeleza jinsi mashine inavyojiamsha na jinsi ya kuiokoa ikikataa kuamka. Nikachomoa kurasa tatu, nikazikunja, nikaenda nazo nyumbani Sagalla. Nilikusudia kuzirudisha kesho yake. Sikuzirudisha, kwa kuwa nilipenda kuwa na kitu ambacho yeye hana.

Karibu na mtihani wa moki, ule wa majaribio, wa darasa la nane tulipewa printa mpya. Linux ya binti haikuitambua. Binamu yake akamtumia sidii ya toleo jipya, naye Ijumaa asubuhi akaanza kuapdeti, yaani kuliweka toleo hilo juu ya lile la zamani. Masomo yote ya moki yalikuwa tayari ndani ya mashine ile. Jumanne asubuhi lori lingepeleka mitihani Kasigau, na kwa barabara ya huko, ukikosa gari siku hiyo, hujui utapata lini jingine.

Mashine ilianza kulalamika. Programu hii inaitaka ile, na ile inataka toleo jipya la nyingine. Aliandika kila lalamiko kwenye daftari. Mimi nilikuwa nikipita nyuma yake.

"Bado tu?" nikamuuliza. Baada ya robo saa nikauliza tena, kwa sauti ambayo Madam angeisikia. "Bado tu, dada?"

Niliona mabega yake yakikaza. Akailazimisha mashine iendelee bila kujali malalamiko. Ilipomaliza, akaizima na kuiwasha. Skrini ikaandika herufi mbili, LI, kati ya zile nne za kila siku, kisha ikanyamaza.

Nilifurahi. Nasema ukweli kwa sababu wakati huo niliuficha hata kwangu mwenyewe. Nilihisi kitu chepesi kifuani, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana.

Alipekua karatasi zake, akarudi nyuma, akapekua tena.

"Mwalimu, kuna kurasa hapa sizioni. Zile za kuokoa mashine. Hukuziona?"

"Mimi? Karatasi zako mimi nizipeleke wapi?"

"Samahani. Nimeuliza tu."

Kurasa zilikuwa nyumbani, ndani ya Biblia yangu.

Jumamosi alikuja, nami nikaja, nikisema nina kazi yangu. Kwa kweli nilikuja kumtazama. Alijua kwamba faili zetu ziko salama ndani ya diski kuu ya mashine, ila kile kijiprogramu kinachoiamsha Linux kilikuwa kimevurugika wakati wa kuapdeti. Akahitaji disketi ya kuiamshia mashine kutoka nje. Akaniomba kompyuta yangu, akaitengenezea hapo disketi hiyo kutoka kwenye sidii. Disketi ya kwanza ikagoma, ilikuwa imekula vumbi. Ya pili pia. Akaenda nyumbani kwao, akarudi na pakiti mpya aliyoitoa kwenye duka la baba yake. Ya kwanza kutoka humo ikakubali. Mashine ikaamka kwa disketi, naye akaweza kuiona diski na kila kitu ndani yake. Akagundua pia kwamba diski ilikuwa imejaa pomoni, ndiyo maana faili za programu nyingine zilinakiliwa nusu. Akafuta vitu visivyotakiwa, akaziweka upya zile programu moja moja, akifuata daftari lake. Kazi hiyo ilimchukua Jumamosi nzima na Jumatatu hadi adhuhuri.

Kisha akakwama. Ilibaki amri moja ya kukirekebisha kile kijiprogramu cha kuamshia. Kila alipoiandika, mashine ilimjibu kwamba faili ya maagizo haipo. Naye alikuwa anaiona faili hiyo kwa macho yake.

Wakati huo akaingia mwalimu kutoka Kasigau, yule aliyetunga karatasi ya Sayansi. Alikuwa amekuja kusafiri na lori lile la mitihani. Macho yake yalikuwa mekundu. Akatuambia ndovu wamekuwa wakiingia mashambani kwao kwa wiki kadhaa, na kwamba ile karatasi ya Sayansi aliiandika akilinda mahindi yake.

"Fundi ni nani hapa?" akauliza.

Mimi nikainuka kidogo kwenye kiti. Madam akamwonyesha binti. Mwalimu akamwendea, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Fundi, watoto wanangoja. Tutapata?"

"Inshallah, mwalimu. Keti kidogo."

Akaketi kwenye benchi, kofia magotini. Binti akaiandika tena ile amri, na mashine ikamjibu vilevile.

Ningependa kusema kwamba nilimhurumia, au kwamba niliwafikiria wale watoto. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nalijua jibu. Nilikuwa nimelisoma mara nyingi kiasi cha kulikariri, na nilikuwa nimelikalia bila mtu yeyote kujua kwamba ninalijua. Nilimtazama mwalimu yule anavyomtazama binti, na sikuweza kuvumilia tena.

"Inatafuta kwenye disketi," nikasema.

Wote wakageuka.

"Umeiamsha kwa disketi, kwa hiyo inadhani nyumba yake ni disketi. Faili unayoiona iko nyumba nyingine, kwenye diski. Iambie kwanza nyumba ni ile. Ongeza r ndogo, kisha pale ulipoipachika diski."

Akaandika. Mashine ikajibu kwa mstari mmoja mfupi kwamba imekubali. Akatoa disketi, akazima, akawasha. Herufi mbili zikatokea, zikafuatwa na nyingine mbili, na mistari ikaanza kuteremka kwenye skrini.

"Alhamdulillahi!" Akanigeukia, uso umejaa furaha. "Mwalimu, umejuaje?"

Nikaanza kuzipanga karatasi za printa.

"Kwa hiyo unaisoma Linux! Mimi nilidhani niko peke yangu hapa. Siku zote hizi sina mtu wa kuzungumza naye!"

Printa mpya ikaanza kutoa Sayansi. Madam alipokuja kumpongeza, binti akasema mbele ya watu wote, "Ni Mwalimu aliyeona, Madam. Mimi nilikuwa nimeshindwa." Hapo ndipo roho iliponiuma kuliko siku zote. Sifa ambazo mimi niliiba kurasa ili nizipate, yeye aliziachia kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni.

Lori liliondoka Jumanne na mitihani yote. Adhuhuri ile nilizitoa kurasa tatu mfukoni, nikaziweka mezani kwake. Zilikuwa na mikunjo, na kwenye moja nilikuwa nimepigia mstari lile jibu kwa kalamu nyekundu. Aliufuata mstari ule kwa kidole.

"Ulikuwa nazo Ijumaa," akasema.

"Nilikuwa nazo."

"Na Jumamosi."

"Ndiyo, dada."

Hakupaza sauti. Alizibana mahali pake, akalitia rundo zima ndani ya mkoba wake, akaenda kuswali. Karibu mwezi mzima alisema nami mambo ya kazi tu, na karatasi hazikubaki tena mezani. Nilistahili. Halafu Jumatatu moja akarudi kutoka nyumbani, akaligeuza daftari lake upande wangu, akasema, "Kama unataka kujua, uliza. Tuanze na hii." Tukaanza. Alikuwa mwalimu mgumu. Nilipokisia alijua, na alinirudisha mwanzo.

Wivu haukuniacha. Nilijifunza naye karibu miaka miwili, na kila nilipodhani nimemkaribia, alikuwa ameshafika mbele. Alipoolewa akahamia Mombasa, akapata kazi katika ofisi kubwa yenye kompyuta chungu nzima. Madam alinipa meza yake, ile iliyo karibu na dirisha, na walimu wakaanza tena kuja kwangu moja kwa moja. Wakaniita fundi. Nilikuwa nimelingoja neno hilo muda mrefu. Nilikaa pale nikiwajibu, na fikira zangu zote zilikuwa Mombasa, kwa watu nisiowajua waliokaa naye chumba kimoja, wakimsikia akisema, "Hapa nimekosea," na kucheka. Niliwaonea wivu hao.